Lupu Katika Ibada: Kutambua Hitilafu kwa Dalili Zake na Namna ya Kuzitatua

Lupu ni kipande kifupi cha muziki kilichorekodiwa, kwa kawaida cha vipimo (vifungu vya mipigo, mara nyingi mipigo 4 kila kimoja) 2, 4 au 8, ambacho kompyuta au simu hukirudia mfululizo huku wapigaji na waimbaji wakiendelea kwa mikono na sauti zao. Timu yenye kinanda kimoja na gitaa moja huweza kupata kwa njia hiyo njuga, pedi za sauti ndefu, au mdundo wa pili ambao hakuna mtu wa kuupiga. Malalamiko yanayotokana na matumizi yake hufanana sana, na kwa uzoefu wangu nyingi kati ya hitilafu ambazo watu husema "kompyuta imetuangusha" zilikuwamo katika faili, katika kebo au katika makubaliano ya timu tangu siku ya mazoezi. Ibada ilizianika tu.

Kabla ya kuchunguza dalili yoyote, fanya jaribio moja. Chomeka hedifoni moja kwa moja kwenye kompyuta au simu, cheza lupu kwa dakika 2, kisha sikiliza. Hitilafu ikisikika hapo, imo katika faili au katika programu. Isiposikika, songa hatua moja mbele hadi kwenye kadi ya sauti, yaani kifaa kinachotoa sauti ya kompyuta, kisha kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, kwa kutumia hedifoni za mikisa yenyewe, na mwisho kwenye spika. Mahali inapoanza kusikika ndipo pa kutafutia. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, kwa maana hutajua kilichoponya ni kipi.

Lupu na wapigaji huanza pamoja, kisha huachana polepole

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na chanzo chake cha kawaida si kifaa: mpiga dramu hasikii vizuri kliki, yaani ule mlio wa kuhesabu mipigo. Mtazame wakati wa kiitikio chenye nguvu. Mara nyingi utamwona akisukuma hedifoni ya sikio moja hadi nyuma ya sikio ili amsikie kiongozi wa sifa, na tangu sekunde ile anafuata waimbaji, wala hafuati kliki tena. Kuongeza kliki peke yake hakusaidii, kwa sababu alichokosa ni sauti ya kiongozi. Mpe ndani ya hedifoni sauti ya kiongozi, besi na lupu yenyewe, na utaona hana sababu ya kuzivua. Mtu yeyote anayetoka ibadani masikio yakiwa yanavuma asiongezewe sauti tena. Apunguziwe, na mvumo usipokoma akaonane na daktari wa masikio.

Ikiwa kliki inasikika na bado mnaachana, pima urefu wa faili. Lupu ya vipimo 4 vya mipigo 4 kwa tempo ya 72, yaani mipigo 72 kwa dakika, ina mipigo 16, na kila mpigo huchukua sekunde 60 kugawanywa kwa 72. Jumla ni sekunde 13.333. Kwa faili la 48 kHz, yaani lenye sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, hizo ni sampuli 640,000 kamili, na kwa faili la 44.1 kHz ni sampuli 588,000. Aliyekata kwa jicho akaishia kwenye sekunde 13.3 amepunguza milisekunde 33 katika kila mzunguko, kiasi ambacho hakuna sikio litakalokishtukia mara ya kwanza. Baada ya mizunguko 6 upungufu umefika milisekunde 200, karibu robo ya mpigo, na hapo kila mtu anamgeukia mpiga dramu.

Chanzo cha tatu ni tempo iliyoandikwa kwa kukadiria. Lupu iliyorekodiwa kwa 72.5 ikiwekewa kliki ya 72 huachana nayo kwa takriban milisekunde 6 katika kila mpigo, na kufikia mpigo wa 16 tofauti imezidi milisekunde 90. Programu kama Ableton Live hukisia tempo ya faili zenyewe, na kisio hilo huweza kukosea kwa nusu au kwa mara mbili, 72 ikasomwa kuwa 144. Nyimbo za 6/8 ndizo zinazosumbua zaidi, kwa kuwa mipigo mikubwa 60 kwa dakika ni sawa na mipigo midogo 180, na programu na mpigaji wanaweza kuwa wanahesabu vitu viwili tofauti. Andika tempo kwa mkono badala ya kuacha programu ikisie.

Mara chache zaidi, lupu yenyewe ilipigwa na binadamu bila kliki, hivyo mwendo wake unapanda na kushuka. Unaweza kuweka alama juu ya kila mpigo na kuiambia programu iunyooshe, lakini kazi hiyo huchukua saa nzima kwa sekunde chache za muziki na mara nyingi huua uhai wake. Binafsi ningetafuta lupu nyingine.

Chanzo cha mwisho ni simu mbili: moja inacheza lupu, nyingine inatoa kliki. Hata zote zikiwekwa 72, vidole viwili haviwezi kuzianzisha katika milisekunde moja, na saa za ndani za vifaa viwili hazilingani kabisa. Kliki na lupu zitoke kwenye kifaa kimoja, siku zote.

Kuchelewa ni kulekule tangu mwanzo hadi mwisho

Kuchelewa kusikoongezeka kuna vyanzo tofauti na vya hapo juu. Kwanza angalia kama kuna Bluetooth popote njiani, iwe kwenda kwenye spika au kwenye hedifoni ya mpigaji. Bluetooth huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200 au zaidi, nayo haifai kwa kazi hii hata kidogo, tumia waya. Pili, mpigaji huenda anasikiliza spika kubwa zilizo mbali badala ya monita yake, yaani spika ndogo au hedifoni inayomhudumia yeye. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 15 kutoka kwenye spika husikia lupu ikiwa imechelewa milisekunde 44 hivi. Kwa sababu hiyohiyo, makofi ya waumini walioketi nyuma yatawafikia wapigaji yakiwa yamechelewa hata kama watu hao wanapiga sawasawa kabisa, na dawa yake ni timu kuzoea kutoyafuata.

Mahali lupu inaporudia panasikika

Ukisikia pengo dogo kila mzunguko, chunguza kwanza kama faili ni MP3. Usimbaji wa MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni, na kuligeuza faili hilo kuwa WAV, muundo usiobana sauti, baadaye hakuondoi ukimya huo. Ni lazima ukatwe, au lupu itafutwe upya katika WAV. Ukisikia mlio kama wa kudonoa meza, wimbi la sauti limekatwa likiwa juu. Fifisha milisekunde 2 hadi 5 kwenye ncha zote mbili na mlio utatoweka.

Hali ngumu zaidi ni pale mwangwi unapokatika ghafla, kwa mfano upatu unaolia mwishoni mwa kipimo cha nne kisha unanyongwa. Rekodi au toa lupu ikichezwa mara mbili mfululizo, halafu ukate mzunguko wa pili peke yake. Mkia wa mzunguko wa kwanza utakuwa umeingia mwanzoni mwa ule wa pili, na kiungo hakitasikika tena.

Lupu na vyombo havipatani

Kabla ya kulaumu faili, tazama kitufe cha kinanda cha kupandisha na kushusha ufunguo. Mara nyingi kimeachwa kwenye wimbo uliotangulia. Kisha ulize kama kiongozi alibadilisha ufunguo siku ya mazoezi na mtayarishaji wa lupu hakuambiwa. Lupu za midundo mitupu huvumilia mabadiliko hayo, ila pedi hazivumilii. Programu inaweza kuhamisha pedi kwa nusu-toni 1 au 2 bila kuharibu sana. Zaidi ya hapo sauti huanza kuwa ya bati. Ninapendelea pedi yenye do na so pekee, isiyo na mi, kwa sababu pedi ya namna hiyo hukaa vizuri chini ya nyimbo za furaha na za huzuni vilevile, na haimpingi mpiga kinanda anapobadilisha kodi ghafla.

Ikiwa lupu imepanda kwa karibu nusu-toni moja na nusu na pia inakwenda kasi kuliko ilivyorekodiwa, hiyo ni alama ya wazi kabisa: faili la 44.1 kHz linachezwa kana kwamba ni la 48 kHz. Wimbo wa 72 utakuwa unakwenda kama 78. Weka programu, kadi ya sauti na mafaili yote kwenye kiwango kimoja cha sampuli, kisha anzisha programu upya.

Tofauti ndogo isiyofika nusu-toni hutokana na urekebishaji. Kipimo cha kawaida ni A ya 440 Hz, na kinanda au kifaa cha kurekebishia gitaa kilichowekwa 432 au 442 hakitapatana na lupu. Piano ya nyuzi iliyoshuka ni suala jingine. Mnaweza kushusha lupu senti chache (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu-toni) ili ziifuate kwa Jumapili moja, lakini msithubutu kukaza nyuzi zenyewe: mvuto wake ni mkubwa mno, na kazi hiyo ni ya fundi wa piano.

Kliki inasikika kwa waumini

Katika ibada moja niliyohudumu, kliki ilibaki wazi kwenye spika kubwa wakati wa maombi ya kimya. Mzee mmoja wa safu ya mbele alifumbua macho, akainua kichwa na kuitazama saa ya ukutani kwa muda mrefu. Hakuna aliyethubutu kucheka, na aliyepaswa kuizima alikuwa amefumba macho kwa dhati.

Utaratibu unaotumika sana ni kutuma kliki upande wa kushoto na lupu upande wa kulia, kila upande ukiingia chaneli yake ya mikisa. Hivyo angalia kwanza kama chaneli ya kliki imeunganishwa na spika kubwa. Inapaswa kwenda kwenye monita pekee, na njia ya kwenda ukumbini iwe imefungwa kabisa, si kushushwa tu. Pili, simu nyingi zina mpangilio katika sehemu ya ufikivu unaochanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja, na ukiwashwa kwa bahati mbaya kliki huingia pande zote. Tatu, adapta au kebo isiyo sahihi huunganisha pande hizo mbili kimwili. Nne, kliki huweza kuwa inatoka kwenye hedifoni za mpiga dramu na kunaswa na maikrofoni iliyo jirani. Ukinyamazisha chaneli zote isipokuwa maikrofoni hiyo na bado kliki ikasikika, umeshajua.

Faili la maandalizi limalizike kwa kliki kukatika yenyewe pamoja na wimbo. Usimtegemee mtu akumbuke.

Besi na sauti za katikati zimetoweka, mwangwi pekee ndio unaosikika

Hitilafu hii huwachanganya hata mafundi wazoefu, ilhali sababu yake karibu daima ni moja. Kebo yenye jeki ya stirio, yenye mistari miwili myeusi, imetoka kwenye tundu la hedifoni la kompyuta na kuingia moja kwa moja kwenye chaneli moja ya mikisa. Chaneli ya aina hiyo hutoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, kwa hiyo kila kilichokuwa sawa pande zote mbili hufutika: besi, dramu kubwa, sauti kuu. Tumia kebo inayogawanya kushoto na kulia katika chaneli mbili, au kisanduku cha DI (kinachounganisha kifaa na mikisa) chenye njia mbili.

Sauti inakwaruza, inakatika au lupu inasimama ghafla

Kukwaruza kunakoandamana na sehemu zenye sauti kubwa tu ni kuzidiwa kwa njia ya sauti. Lupu nyingi za kununua zimepandishwa hadi ukomo, kwa hiyo shusha sauti ndani ya programu hadi vilele vikae karibu -6 dB, na uhakikishe hujachomeka sauti ya kompyuta kwenye tundu lililowekwa kwa maikrofoni.

Kukwaruza kunakotokea bila mpangilio ni kompyuta kushindwa kwenda na kazi. Funga programu nyingine, zima Wi-Fi, ondoa hali ya kubana matumizi ya umeme, na uchomeke kadi ya sauti kwenye kompyuta yenyewe badala ya kupitia kigawanyaji cha USB. Kisha ongeza bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza. Watu huogopa bafa kubwa kwa sababu ya ucheleweshaji, lakini kompyuta inayocheza lupu na kliki tu huzichelewesha zote mbili kwa pamoja, hivyo bafa ya sampuli 1024, ambayo ni milisekunde 21 hivi kwa 48 kHz, haina madhara. Madhara yapo pale tu mpiga kinanda anapotumia kompyuta hiyohiyo kutoa sauti za kinanda chake. Huyo atahitaji 128 au 256.

Lupu ikisimama kabisa, tafuta simu iliyoingia, taarifa za programu nyingine, sasisho lililoanza lenyewe, au kompyuta iliyolala kwa kudhani haitumiki. Simu inayotumika iwekwe katika hali ya ndege tangu kabla ya mazoezi ya sauti. Mafaili yawe ndani ya kifaa, si kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kompyuta inayozima kutokana na joto, au betri iliyovimba hata kuinua kibao cha herufi, iondolewe jukwaani mara moja na ipelekwe kwa fundi. Betri ya namna hiyo isichajiwe tena.

Muungurumo mfululizo chini ya lupu

Chomoa chaja ya kompyuta huku sauti ikiwa imeshushwa. Muungurumo ukikoma, njia ya umeme kati ya chaja na mikisa ndiyo yenye kasoro. Cheza ibada kwa betri siku hiyo, kisha mtafute kisanduku cha DI chenye transfoma na swichi ya kutenganisha erthi upande wa sauti. Muungurumo usipokoma, badilisha kebo, na uepushe kebo za sauti na nyaya za umeme zinazolala sambamba nazo.

Usikate wala kuziba pini ya erthi ya plagi yoyote ili kuondoa muungurumo. Ni kweli muungurumo huweza kukoma, lakini kinachokoma pamoja nao ni kinga ya mtu atakayeshika gitaa na kugusa maikrofoni kwa midomo. Mtu yeyote akihisi kupigwa na umeme, hata kidogo tu kwenye midomo, zimeni umeme wa jukwaa kwenye swichi kuu, endeleeni na ibada bila vyombo vya umeme, na msiuwashe tena mpaka fundi umeme mwenye sifa ameukagua.

Kiongozi anaendelea, lupu imekwisha. Au lupu inaendelea, kiongozi amenyamaza

Hakuna kebo ya kubadilisha hapa, na ndiyo maana dalili hii hudumu miaka katika timu ileile. Kiongozi anaona waumini wameinama, anarudia kiitikio kwa mara ya tano. Faili lilipangwa kwa mara tatu. Au mchungaji anasimama kuomba, na njuga zinaendelea kucheza kwa furaha nyuma ya sala.

Chanzo kikuu ni kutumia faili moja refu la wimbo mzima. Faili hilo limeshaamua idadi ya beti kabla ya ibada kuanza. Likate katika sehemu zake, yaani utangulizi, ubeti, kiitikio, kipande cha kati na mwisho, na upange kila sehemu ijirudie mpaka mtu aamuru kwenda mbele. Playback ya MultiTracks.com na Ableton Live zote zinaweza kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine mwanzoni mwa kipimo kinachofuata.

Chanzo cha pili ni kutokujulikana kwa mwenye kidole, yaani anayebonyeza vitufe vya lupu. Mteue mtu mmoja, mara nyingi mpiga kinanda au mpiga dramu, na umpe kiongozi ishara zisizozidi 4: kidole kinachozunguka kwa kurudia, mkono uliofungwa kwa kukata lupu, kiganja kinachoshuka kwa kubaki na pedi tu, na kidole kinachoelekeza mbele kwa sehemu inayofuata. Zifanyeni mazoezini hadi zichoshe. Nimeona timu yenye vifaa vya gharama ikinaswa kwa sababu kiongozi alifumba macho na kupunga mkono kwa ibada tu, na mpigaji akaisoma ile kuwa amri ya kukata.

Kila lupu iwe na njia ya kutokea ambayo haisikiki kama ajali. Kitufe cha kusimamisha ghafla hakitoshi. Weka kitelezi kinachofifisha lupu ya mdundo kwa sekunde 4 hivi huku pedi ikibaki, na wapigaji wajue kwamba wakati huo wanaushika wimbo wenyewe. Katika mazoezi, mtu azime lupu katikati ya ubeti bila kuwaonya wenzake. Timu isiyoweza kuendelea haijawa tayari kuitumia lupu hiyo ibadani, na wimbo upigwe bila lupu mpaka iweze.

Muziki umekuwa tope

Lupu ina besi, na mpiga besi yupo. Lupu ina dramu kubwa, na mpiga dramu naye anaipiga, kila mpigo ukisikika kama mbili zilizogongana. Ondoa katika lupu chochote ambacho mtu aliye jukwaani anakipiga. Ikiwa lupu haikuja na sehemu zilizotenganishwa, kata sauti zote zilizo chini ya takriban 150 Hz kwenye chaneli yake, kisha ishushe mpaka uikose inapozimwa lakini usiitambue inapocheza.

Matangazo mubashara yamezimwa sauti

Mifumo kama Content ID ya YouTube hulinganisha sauti na rekodi zilizosajiliwa, na lupu iliyokatwa kutoka kwenye rekodi ya msanii hutambulika kwa urahisi. Lupu ya kununua nayo huweza kutambulika ikiwa msanii mwingine ameitumia katika rekodi aliyoisajili. Soma masharti ya leseni ya lupu, tunza risiti, na utofautishe ruhusa ya kuimba wimbo ibadani na ruhusa ya kurusha rekodi mtandaoni, kwa kuwa moja haibebi nyingine. Ukipokea dai na una leseni, lipinge kwa kuambatanisha leseni hiyo. Usipokuwa nayo, ondoa video, na dai likija kwa barua ya wakili lisijibiwe na timu ya muziki. Uongozi wa kanisa ulipeleke kwa mwanasheria anayejua hakimiliki.